Usinywe Hiyo Supu

Leo nimeharibu ukweni. Ukweni kwenyewe si kwangu.

Nasimulia mwenyewe kwa sababu kuna toleo jingine tayari linazunguka mtaa wetu wa Buhongwa, na katika toleo hilo nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. (Ingekuwa afadhali. Mlevi husamehewa.)

Kwa msionijua, naitwa Kulwa. Ni mwalimu wa fizikia, nina miaka thelathini na miwili, sina mke, nina laptop. Nimepanga chumba na sebule kwa Mama Vero. (Sebule ni neno la heshima. Ndipo baiskeli inapolala.) Mama Vero ni mjane, anauza vitenge, ni mama wa kanisa, na ana binti mmoja, Veronika, ambaye sote tunamwita Vero. Vero ni nesi. Mtu mpole, mchapakazi, hana ugomvi na mtu. Naomba hilo mlishike, maana baadaye litatiliwa shaka kwa sababu yangu.

Sasa gemu.

Mimi si mtu wa magemu ya mpira wala ya magari. Napenda ya hadithi. Hili ninalocheza sasa lilinichukua wiki mbili kulipakua. Unakuwa Kapteni, askari aliyefukuzwa kwao, unazunguka nchi za watu ukitafuta wauaji wa baba yako. Hadithi nzuri sana. Tatizo ni kuiishi.

Kwanza, Kapteni hawezi kupita mtu njiani bila kusimuliwa maisha. Umetumwa kuokoa mji unaoungua, mama mmoja anakusimamisha umtafutie mbuzi wake. Usipomtafuta, lango la mji halifunguki. Mji unaendelea kuungua, wewe uko porini na mbuzi.

Pili, kuna zile sehemu ambazo gemu linakunyang'anya usukani, watu wanaanza kuzungumza wao kwa wao kama sinema, na huwezi kuruka mbele. Nilishawahi kupika ugali, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi nikamkuta mfalme bado anahutubia.

Tatu, na hili ndilo lililoniponza, huwezi kusevu unapotaka. Unasevu ukifika kwenye jiwe la bluu. Bila jiwe, ukizima tu, yote uliyofanya yamepotea.

Nne, laptop yangu betri yake ilishafariki mwaka juzi. Inaishi kwa waya. Umeme ukikohoa tu, Kapteni naye kwisha.

Kuna sura moja humo, sura ya karamu. Kutoka jiwe moja hadi jingine ni kama dakika arobaini, na katikati hakuna jiwe hata moja. Jumanne niliianza, umeme ukakatika. Jumatano laptop ikapata joto, ikajizima. Alhamisi nilifika karibu kabisa, Kapteni akapewa bakuli la supu mezani, nikachelewa kubofya, akanywa, akafa. Yenye sumu.

Alhamisi hiyohiyo jioni, nikiwa bado kwenye msiba wangu, Mama Vero akaniita uani.

"Mwalimu, Jumamosi nina wageni. Wale wa Usagara."

"Wa upande wa Masalu wa Vero?"

"Ndiyo. Wanakuja kuleta neno. Saa nane. Sasa, kaka yangu ndiye msemaji wetu, lakini unamjua, Jumamosi Mwaloni kule Kirumba ndiyo siku yake ya kuuza samaki. Anaweza kuchelewa. Nakuomba wewe uwapokee, uwakalishe, uwazungumzishe mpaka afike. Watu wa kule wanaheshimu mwalimu."

"Hilo tu, mama? Usijali kabisa."

"Na siku hiyo pawe na utulivu, mwanangu. Ile mikelele ya mapanga ya kwako..."

"Hutasikia kitu, mama. Nitavaa hedifoni."

Nilimwahidi hivyo kwa moyo safi. Nilivaa hedifoni kwa ajili ya heshima. Nataka hilo liandikwe mahali.

Basi leo asubuhi nimeamka, nimenyoosha shati jeupe, nimelitundika mlangoni. Nimepiga viatu rangi. Saa tano na nusu niko tayari, nimebakiza kuvaa tu. Nikaangalia saa. Wageni saa nane. Wageni wa posa, kwa uzoefu wangu, wakisema saa nane wanafika saa kumi wakiomba radhi. Sura ya karamu ni dakika arobaini.

Mnaona hesabu ilivyonikalia vizuri.

Umeme ukawa unacheza. Nikawasha saa sita, ukazima. Ukarudi, nikawasha, ukazima tena. Mpaka ulipotulia ilikuwa saa saba kasoro. Bado nina saa nzima. Laptop ilikuwa imeshaanza kuchemka, kwa hiyo nikaisogeza meza mpaka dirishani, nikafungua dirisha lote ipate upepo, nikaelekeza na feni. Nikavuta pazia ili jua lisipige kwenye skrini. Nikavaa hedifoni. Ni zile kubwa zinazofunika sikio lote. Ukizivaa, hata mvua ya mawe juu ya bati huisikii.

Yaliyokuwa yakiendelea nje niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa mahali pake ili mwelewe.

Wageni wa Usagara walifika saa saba na dakika tano. Yaani karibu saa nzima kabla. Walikuwa wanne: Masalu mwenyewe, shangazi yake, jirani yao mmoja aliyekuja kama shahidi, na kiongozi wao Mzee Lutonja, baba mkubwa wa Masalu, mfugaji, mtu mrefu mwenye koti zito hata kwenye jua. Mama Vero akashtuka, akamtuma Vero anigongee. Vero akagonga. Akagonga tena. Akarudi akasema, "Labda anaoga."

Sasa kwenye ua wetu saa saba mchana kivuli kiko upande mmoja tu. Upande huo ndio wa dirisha langu. Viti vikapangwa hapo, meza ikawekwa hapo, Mzee Lutonja akakalishwa kwenye kiti cha heshima, kichogo chake kikiwa kama hatua moja kutoka kwenye pazia langu.

Kwa kawaida watu wa posa hawali kabla ya mazungumzo. Lakini mjomba hajafika, mwalimu haonekani, na wageni walikuwa wametoka kwao bila chai. Mama Vero akaona wapashwe tumbo kidogo. Vero alikuwa amepika supu ya samaki sato tangu asubuhi.

Ndani, mimi niko karamuni.

Kwa kifupi: mwenye karamu ni mama mmoja tajiri, mjane, anaitwa Vera. Vera ndiye aliyemuua baba yake Kapteni. Mimi najua, kwa sababu nilisoma barua yake sura mbili zilizopita. Kapteni naye alikuwepo nikisoma! Lakini Kapteni ni mtu wa ajabu. Kaka yake Vera anasimama, anamwambia Kapteni amwoe dada yake ili nchi ipate amani. Gemu linakupa majibu matatu uchague: "Nakubali", "Sikubali", "Nipe muda nifikiri".

Nikachagua "Sikubali".

Kapteni akainama akasema, "Nipe muda nifikiri."

Nikarudia. "Sikubali."

Kapteni akatabasamu, akamshika Vera mkono.

Jamani, kuna mambo yanauma duniani, lakini kuulizwa maoni yako na mtu aliyekwisha kuamua ni jambo la peke yake.

Nje, kwa mujibu wa Vero aliyekuwa amesimama na sinia, shangazi wa Masalu alikuwa ameuliza kwa adabu, "Na tabia za binti, mama, kwa ujumla?" Mama Vero akajibu, "Dada, mimi ni mzazi, siwezi kumsifu wangu. Ulizeni majirani. Hata hapo ndani nina mpangaji mwalimu, mtu mwenye heshima zake. Yeye atawaambia ukweli."

Na kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu mwenye hedifoni, yaani sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, ikatoka:

"USIMWOE VERA! NAKWAMBIA UTAJUTA!"

Nje, vichwa vinne vikainuka.

Mzee Lutonja akageuka kulitazama pazia. Kisha akamgeukia Mama Vero. "Binti si anaitwa Velo?" (R na l kwa mzee ni mapacha.)

"Ndiyo, lakini..."

"MUME WAKE WA KWANZA ALIKUFAJE? JIULIZE! ALIKUFAJE?"

Shangazi akaweka mkoba chini. "Kumbe aliwahi kuolewa?"

"Hajaolewa!" Mama Vero akasema. "Hajawahi! Veronika, hebu kagonge tena!"

Vero akakimbia kuzunguka nyumba, sinia bado mkononi. Akagonga. Mimi nasikia vinanda vya karamuni.

Kule kwenye gemu ikafika ile sehemu. Mtumishi anakuja na bakuli. Nikainamia skrini, maana Alhamisi niliangukia hapahapa. Unatakiwa ubofye kitufe kwa haraka Kapteni asukume bakuli. Nikabofya. Kapteni akachukua kijiko. Nikabofya tena. Kapteni akapuliza supu ipoe.

"USINYWE HIYO SUPU! WEKA KIJIKO CHINI! CHINI! AMETIA SUMU HUYO MWANAMKE! MIMI MWENYEWE NILIKUFA ALHAMISI KWA SUPU HIYOHIYO!"

Wote wanne wakaweka vijiko chini. Jirani aliyekuja kama shahidi alikuwa ameshameza. Akatoa leso.

"Na ni nesi," shangazi akanong'ona. "Dawa anazijua."

Mzee Lutonja hakupandisha sauti. Akamuuliza Mama Vero, "Huyu anayesema ni nani?"

"Ni yule mwalimu," Mama Vero akasema, na nasikia alikuwa karibu kulia.

"Yule aliyekufa Alhamisi?"

Hapo ndipo mzee aliposimama, bakuli mkononi, akashika pazia langu kwa vidole viwili, akalivuta.

Mimi nilichoona ni mwanga kuingia. Nikainua macho. Kwenye nondo za dirisha kuna uso wa mzee nisiyemjua, mwenye koti, ana bakuli la supu. Kwenye skrini kuna Kapteni ana bakuli la supu. Kwa sekunde kama mbili nilishindwa kujua gemu limeishia wapi.

Nikavua hedifoni. Kimya cha nje kikaniingia masikioni.

"Shikamoo," nikasema. (Nilikuwa nimevaa singlendi na bukta ya kulalia.)

"Marahaba," akasema mzee. "Hujambo, marehemu?"

Nyuma yake nikamwona Mama Vero. Sura yake sitaisahau. Haikuwa hasira. Alikuwa mtu ambaye amesuka mkeka mwaka mzima halafu akaona mbuzi wako amelala juu yake. Nami nakiri mbele yenu nyote, wazo langu la kwanza bado halikuwa yeye. Lilikuwa: jiwe la bluu liko dakika tano tu mbele.

Nikavaa shati jeupe, suruali, viatu nilivyovipiga rangi, nikatoka kuwapokea wageni kama nilivyoombwa.

Niliwaeleza. Nikasema ni gemu, ni mchezo wa kompyuta, Vera ni mtu wa kwenye gemu, hana uhusiano na binti wa hapa. Masalu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamisha kichwa, akasema taratibu, "Baba mkubwa, ni kweli, yapo magemu ya namna hiyo."

"Wewe nyamaza," mzee akamwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kufa." Kisha kwangu: "Mwalimu, sisi tumesikia kwa masikio yetu. Ulisema Velo."

"Nilisema Vera, mzee."

"Ndiyo. Velo."

"Vera. Ve-ra."

"Ve-la," akasema mzee kwa uvumilivu. "Hayo hatubishani."

Nikamtazama Vero. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kanga begani. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kupika supu ile. Akaja moja kwa moja, akachukua bakuli la mzee mkononi mwake, akanikabidhi.

"Mwalimu," akasema, "kunywa."

Nikanywa. Mbele ya watu, nimesimama, bakuli zima. Ilikuwa imeshapoa. Nikamaliza, nikamrudishia bakuli. Kisha tukasubiri.

Sijui kama mmewahi kukaa na watu wanaosubiri kuona kama utakufa. Hawana chuki. Wanakutazama tu. Nami nikawatazama. Kuku akapita katikati yetu akachungulia meza, akaondoka.

"Sumu nyingine huchelewa," shangazi akasema.

Nikapewa la pili.

Baada ya la tatu nikaomba jambo moja: niwaonyeshe hilo gemu kwa macho yao, wamwone Vera mwenyewe. Mzee akakubali. Nikakimbilia ndani, nikaikamata laptop pale ilipo, Vera yuko kwenye skrini kabisa, ushahidi mtupu, nikachomoa waya nikatoka nayo.

(Ndiyo. Nilichomoa waya. Mwalimu wa fizikia.)

Nikaiweka mezani mbele ya mzee. Skrini nyeusi. Sote tukajiona sura zetu humo.

"Ndiye huyu?" mzee akauliza.

Nikarudi, nikapitisha waya dirishani, nikawasha. Ikawaka kwa mwendo wake. Gemu nalo likaanza: kwanza nembo, halafu nembo nyingine, halafu onyo kuhusu macho, halafu lile jina kubwa linalotokea taratibu kama jua. Hakuna kinachorukika. Mama Vero alikuwa anachezesha midomo kama mtu anayesali. Hatimaye Kapteni akatokea, amesimama kwenye jiwe la bluu la mwanzo wa sura. Karamu iko dakika arobaini mbele.

"Vela yuko wapi?"

"Yuko mbele kidogo, mzee. Inabidi twende."

Tukaenda. Sikuwa na namna. Kapteni anatembea, wakwe wa Usagara wanatembea naye. Kila anayesimama kuzungumza, anazungumza Kiingereza, na mzee ananigeukia: "Anasemaje?" Nikawa natafsiri Kiswahili, nikaona shahidi anasinzia, nikachanganya na Kisukuma. Tukafika kwa yule mama wa mbuzi.

"Anasemaje?"

"Amepoteza mbuzi, mzee. Lakini tunaweza kum—"

"Wangapi?"

"Mmoja."

Mzee Lutonja akavuta kiti karibu. "Mtafute."

Tulimtafuta. Mimi siku zote nilikuwa namtafuta mlimani robo saa. Mzee akatazama skrini kidogo, akasema mbuzi hapandi upande ule, upande ule hauna majani, teremka kwenye maji. Nikateremka. Mbuzi yuko kwenye maji. Kwa mara ya kwanza leo nilijisikia niko na mtu wa maana.

Kufika karamuni, viti vyote vilikuwa vimehamia nyuma yangu. Vero naye alikuwa amesogea. Vera akatokea, nywele nyeupe kama pamba, gauni la kumbana kifua, macho ya kijani.

Mzee akamtazama. Akageuka akamtazama Vero. Akamrudia Vera.

"Mwalimu, sasa hapa ulifananisha nini?"

"Sikufananisha, mzee. Ndicho ninachosema tangu saa ile."

Shangazi akacheka. Kidogo tu, puani, lakini nilisikia, na nilimwona Mama Vero akishusha mabega. Kisha yule kaka yake Vera akasimama, akatoa neno lake, majibu matatu yakatokea. Nikatafsiri. Nikaeleza na habari ya barua, kwamba huyu ndiye muuaji wa baba mtu.

"Basi mkatalie," mzee akasema.

Nikabofya "Sikubali".

Kapteni akainama. "Anasemaje?" "Anaomba muda afikirie." "Afikirie nini? Si tumekataa? Bofya tena."

Nikabofya tena. Kapteni akatabasamu, akamshika Vera mkono.

Mzee Lutonja akasimama. "Mbona anaoa?"

"Ndivyo alivyo, mzee."

"Si tumekataa? Mara mbili? Wewe kijana! Kamuua baba yako! Shangazi, unaona mambo haya? USIMWOE! MWACHE HUYO MWANAMKE!"

Alikuwa anaipigia meza kofi kila neno. Shangazi naye akasimama: "Mwanamke hafai! Twendeni zetu!"

Na hapo ndipo lango la ua likafunguka, mjomba wa Vero akaingia kutoka Kirumba, amevaa kofia, amebeba sangara mmoja mkubwa kwenye mfuko wa salfeti. Akakuta msemaji wa ukoo wa Usagara amesimama kwenye ua wa dada yake, anafoka binti asiolewe, na shangazi anaaga.

Akaweka samaki chini polepole. Akavua kofia.

"Wazee wangu," akasema, "kama hamkumpenda binti yetu, semeni taratibu. Tuna majirani."

Sote tukamgeukia. Na umeme ukakatika.

Skrini nyeusi. Mzee Lutonja akaitazama, akanitazama. "Sasa? Supu kanywa au hakunywa?"

"Hatujui, mzee. Inabidi kuanza upya. Tangu kwa mbuzi."

Akakaa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu kwa mtu, "Mwalimu, sasa nakuelewa. Hata mimi ningepiga kelele."

Nilikaribia kulia.

Mama Vero alimweleza kaka yake yote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia toka viatu mpaka kichwa, akaomba maji ya kunawa. Mazungumzo yakaanza upya kwa utaratibu, yeye na Mzee Lutonja wakikaa uso kwa uso. Mimi nilipewa kiti kwa mbali, karibu na banda la kuku.

Mwishoni Vero akaitwa. Mjomba akamuuliza kama wageni hawa anawafahamu. "Nawafahamu." Kama waendelee na safari yao. Vero akamtazama Masalu, na Masalu pale alipokuwa nadhani hakupumua. "Waendelee," akasema.

Mzee Lutonja akainua mkono. Ana swali moja, halimo kwenye taratibu, aruhusiwe. Akaruhusiwa.

"Supu ulipika wewe mwenyewe?"

"Niliipika mimi, baba."

"Basi nipakulie. Ya moto."

Vigelegele vya Mama Vero mlivisikia, hata kama mko Igoma.

Wamekunywa sufuria zima. Sangara naye akaingia jikoni. Mimi sikugusa kitu, nilikuwa nimejaa. Walipokuwa wanaaga, mzee akanishika bega, akaniambia siku ya harusi nitakaa mbele, meza ya pili, mahali ambapo kila mtu ananiona, na kipaza sauti kisinikaribie. Nikasema asante. Mama Vero yeye hajaniambia chochote, ameniachia tu masufuria yote kwenye karo na kipande cha sabuni juu yake. Nimeyaosha. Ndiyo nimemaliza sasa hivi, mikono bado inanuka samaki.

Nilikuwa nadhani mambo yameishia uani. Lakini shangazi wakati anapanda gari akanigeukia akasema, "Kumbe ndiye wewe Mwalimu Kulwa! Mwanangu unamfundisha, kidato cha nne. Nitamsimulia."

Kidato cha nne nina kipindi chao Jumatatu asubuhi. Mada tuliyofikia ni jinsi sauti inavyosafiri hewani. Naomba msinicheke, watacheka wao.